Rangi ya Gari Huharibika Kabla Haijapulizwa

Miaka michache iliyopita nilipeleka gari langu gereji hapa Mombasa lipigwe rangi upya. Siku niliyolichukua lilikuwa likimetameta. Hazikupita wiki nyingi, malengelenge madogo yakaanza kutokea mlangoni kama ngozi iliyoungua. Nikamlaumu aliyeniuzia rangi. Baadaye nikakumbuka nilichokiona kwa macho yangu: kijana akipiga msasa kwa ndoo ya maji ya kisima, yale ya chumvi, kisha akapangusa na kuendelea.

Maji hukauka, chumvi hubaki. Ukiifunika kwa rangi, itavuta unyevu polepole mpaka rangi iinuke. Kwa hivyo, kwetu sisi watu wa pwani, jambo la kwanza ni maji matamu: ya kuoshea gari, ya msasa na ya kusuuzia. Mitungi michache ya maji ya kununua ni nafuu kuliko kukwangua mlango mzima.

La pili ni mafuta. Ukiona rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki, jua kuna mafuta, nta au silikoni chini yake. Silikoni imo katika polishi nyingi za dashibodi na tairi. Osha kwa sabuni kabla ya kupiga msasa, kwa sababu msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kisha tumia dawa ya kuondolea mafuta na vitambaa viwili safi: kimoja cha kupaka, cha pili cha kupangusa kabla dawa haijakauka. Baada ya hapo usiguse bodi kwa mkono mtupu.

La tatu ni hewa ya kompresa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ikibanwa hutoa maji ndani ya tangi. Tangi limwagwe maji kila asubuhi, na mpira wa hewa uwe na chujio. Kabla ya kutia rangi, puliza hewa tupu juu ya kioo safi. Ukiona matone au mafuta, usianze.

La nne ni vumbi. Usifagie banda ukikaribia kupuliza. Lowesha sakafu kidogo, na utoe vumbi lililojificha kwenye mianya ya milango na boneti. Ziba kwa karatasi maalumu, kwani gazeti huacha nyuzi na wino wake huweza kupenya. Mwisho pangusa kwa kitambaa chenye gundi kidogo cha kunasa vumbi.

La tano ni wakati. Alfajiri bodi huwa na umande hata kama huuoni. Adhuhuri bati lililokaa juani huikausha rangi kabla haijatandaa, ikabaki na mabonde kama ganda la chungwa. Siku za mvua, thina ya kukauka haraka huweza kuipa rangi ukungu mweupe. Puliza ndani ya banda, kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kati ya koti moja na jingine ngoja dakika zilizoandikwa mkebeni. Ukiharakisha, thina hunaswa chini na kutoka kwa kutoboa rangi. Ukijaza koti moja, rangi itachuruzika.

Na kuna uchafu usioonekana kwenye gari, bali kifuani mwa fundi. Hadina ya rangi nyingi za kuchanganya ina isosayanati, kemikali inayoweza kuleta pumu isiyopona. Leso au barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inatakikana barakoa ya vichujio vya kemikali, na bora zaidi ile inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Siku hizi, kabla sijaulizia bei, humuuliza fundi swali moja: unapiga msasa kwa maji gani?