Waliowasindikiza Watoto Wetu

Katika historia ya kwaya yetu tunawakumbuka walimu na watunzi. Wapo pia akina baba na akina mama waliojitolea kuwasindikiza watoto nyumbani baada ya mazoezi ya jioni. Siku hizo kufahamiana kulitosha. Kanisa lilipokua na wageni wakaongezeka, tuliona kwamba moyo mwema peke yake hautoshi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, iliweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakazia. Nasi tukajiwekea utaratibu. Walezi huwa wawili. Hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto faraghani. Majina husomwa kabla ya kupanda matatu, kwenda na kurudi. Anayejitolea huchunguzwa kwanza na wazee wa kanisa.

Mtoto akisema ameumizwa, tunamsikiliza. Hatumnyamazishi ili kulinda jina la kwaya. Habari hupelekwa kwa afisa wa watoto, polisi, au simu ya bure 116.

Baadhi ya wanaoimba besi leo walisindikizwa wakiwa wadogo. Sasa ni zamu yao. Mungu awabariki.