Ua la Usambara na Majina Yake

Katika mwaka wa 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mbegu za ua dogo la urujuani, liotalo katika nyufa za mawe penye kivuli na unyevu. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka wa 1893 akaliita *Saintpaulia ionantha*. Jina la kwanza lilikuwa heshima kwa ukoo wa waliolileta, na la pili lililifananisha na ua la Ulaya. Jina la wenyeji wa Usambara halikupata nafasi humo.

Lau lingekuwa ua la namna moja tu, kazi ingeishia hapo. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya nduguze kuanza kutokea. Mwaka wa 1900 Adolf Engler alitangaza spishi mbili za milima ya Uluguru, na baadaye zikafuata nyingine za Usambara na kwingineko. Shida ilikuwa kwamba maua yao karibu yote yanafanana: petali tano, na katikati vichwa viwili vya manjano vyenye chavua. Mtu ayatazamaye maua peke yake hapati la kusema.

Ndipo B. L. Burtt, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya kazi Kew kisha Edinburgh, akaligeukia jani. Juu ya jani la Saintpaulia mna malaika laini, kama yaliyo mkononi mwa mtoto. Kwa mimea mingine malaika hayo ni marefu na yamesimama. Kwa mingine ni mafupi. Kwa mingine yamelala. Na iko yenye malaika ya namna mbili pamoja, ambayo Burtt mwaka wa 1947 aliipa jina la *diplotricha* kwa sababu hiyo hiyo. Ilimpasa kuchunguza mimea hai, kwani jani lililokaushwa na kubanwa katika karatasi halionyeshi vema kama malaika yalisimama au yalilala. Katika maandishi yake ya 1958 na 1964 alifikisha kiasi cha spishi 20. Mojawapo aliiita *confusa*, maana yake iliyochanganywa, kwa kuwa ilikuwa imepandwa miaka mingi chini ya majina yasiyo yake. Ni nadra mtaalamu kulikiri kosa la wenzake ndani ya jina lenyewe!

Walakini malaika ni shahidi dhaifu. Mimea hii huzaana kwa urahisi ikikutanishwa bustanini. Mwaka wa 1997 Michael Möller na Quentin Cronk waliilinganisha kwa chembe za urithi, wakaona kwamba nyingi za Usambara na za pwani hazitofautiani ila kidogo sana. Mwaka wa 2006 Iain Darbyshire alizipunguza spishi hata zisifike kumi, na nyingi za Burtt zikawekwa chini ya *ionantha* kama nususpishi.

Hapo jambo linatoka maktabani na kuingia msituni. Kila genge lenye mimea yake hujitenga na genge jingine kwa bonde au shamba, na genge likikatiwa miti ya juu hukauka, mimea ikafa pamoja nalo. Spishi yenye jina kamili hutetewa kwa urahisi kuliko nususpishi, ingawa mmea haukubadilika hata jani moja kwa kuandikwa upya. Waliopunguza majina walikuwa na haki kwa elimu yao. Ila atakayeyasoma maandishi yao kuwa ni ruhusa ya kukata msitu amewaelewa vibaya. *S. teitensis* ya Kenya, yenye makao yake katika msitu wa Mbololo wa milima ya Taita, ilibaki na cheo chake, na makao hayo ni madogo vile vile.

Mwaka wa 2015 hata jina la Saintpaulia lilishushwa, mimea yote ikaingizwa katika jenasi ya *Streptocarpus*. Wauza maua wa Ulaya na Marekani hawakulifuata badiliko hilo.