Mwelekeo wa nyuzi za DNA

Mwelekeo wa nyuzi za DNA ni sifa ya kila uzi wa DNA kuwa na ncha mbili zisizofanana, ziitwazo ncha ya 5′ na ncha ya 3′. Sifa hiyo huamua DNA inakiliwe kuanzia wapi na kuelekea wapi, ndani ya seli na pia katika maabara. Magharibi mwa Tanzania hutumika katika kutambua vimelea vya malale.

Muundo

Molekuli ya DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Kila uzi ni mnyororo wa nyukliotidi. Namba 5 na 3 hutaja atomi za kaboni katika sukari ya deoksiribosi: ncha moja huishia kwenye kaboni ya 5, yenye fosfati, na nyingine kwenye kaboni ya 3, yenye kikundi cha hidroksili. Nyuzi hizo huenda sambamba lakini kwa pande zilizo kinyume. Muundo huo ulielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, wakitegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin.

Kunakili ndani ya seli

Kimeng'enya kiitwacho DNA polimerasi huongeza nyukliotidi kwenye ncha ya 3′ tu, tena hakiwezi kuanza bila kipande kifupi cha kutangulia, yaani kianzio. Nyuzi zinapoachana, uzi mpya mmoja hujengwa mfululizo kufuata mahali zinapofunguka. Uzi mpya wa pili hulazimika kujengwa kinyumenyume, kwa hiyo hutokea vipande vifupi vifupi. Hivyo huitwa vipande vya Okazaki, kwa jina la Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani waliovigundua katika miaka ya 1960. Baadaye kimeng'enya kingine, ligasi, huviunganisha.

Kunakili katika maabara

Njia ya PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, inafuata kanuni ileile. DNA hupashwa joto ili nyuzi ziachane, kisha vianzio viwili hushika kila kimoja uzi wake, ncha zao za 3′ zikielekeana. Sehemu iliyo kati yao huongezeka maradufu kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30 molekuli moja inaweza kufikia nakala zaidi ya bilioni 1. Vianzio vikipangwa kwa mwelekeo usio sahihi, sehemu inayotafutwa haiongezeki.

Matumizi: malale katika Tabora

Tabora, zamani Kazeh, ilikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa kuwa wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa nagana ulioenezwa na ndorobo. Mbung'o hao bado wapo katika misitu ya miombo, na malale yamewahi kuripotiwa katika mikoa ya Tabora, ikiwemo Urambo, na Kigoma.

Kwa hadubini, Trypanosoma brucei brucei, ambayo haiambukizi watu, haitofautiani na T. b. rhodesiense, inayosababisha malale. Damu ya binadamu ina protini inayoua ile ya kwanza. Ya pili ina jeni ya SRA inayoikinga. PCR ya jeni hiyo huonyesha iwapo kimelea kilichopatikana kwa ng'ombe au mnyamapori ni cha hatari kwa watu.

Ugonjwa huo usipotibiwa huua, mara nyingi katika muda wa wiki au miezi. Hata hivyo, jeni ya SRA kwa kawaida ipo nakala moja tu katika kila kimelea, hivyo vimelea vikiwa vichache sana kwenye damu kipimo kinaweza kuvikosa. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa PCR inahitaji umeme na vifaa vya gharama, hadubini inabaki kipimo cha kwanza vijijini.