Kituo cha kupozea umeme: Jinsi kinavyofanya kazi na adha ya chumvi ya pwani

UMEME unaotumika katika vijiji vya pwani ya Tanga, kama Mkwaja iliyopo kusini mwa mji wa Pangani, hausafiri moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya kuufua hadi kwenye taa ya mwananchi. Njiani hupitia katika vituo vyenye uzio mrefu, mashine zinazovuma na mabango ya hatari, ambavyo wananchi wengi huviona kwa mbali bila kujua kinachofanyika ndani yake.

Vituo hivyo kwa Kiswahili huitwa vituo vya kupozea umeme. Jina hilo huweza kumpotosha msikilizaji, kwa kuwa si joto la umeme linalopozwa humo, bali ni msongo wake, yaani nguvu inayousukuma umeme ndani ya waya. Vipo pia vituo vinavyofanya kinyume, vikiupandisha msongo huo ili umeme uweze kusafiri mbali.

Kwa nini msongo upandishwe

Mkoa wa Tanga ni miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kupata umeme wa maji. Kituo cha zamani katika maporomoko ya Mto Pangani kilijengwa katika miaka ya 1930, wakati mashamba ya mkonge yalipokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa mkoa huo. Kilifuatiwa na Hale mwaka 1964, kilichojengwa kwa uwezo wa megawati 21, na kituo kipya cha maporomoko ya Pangani chenye megawati 68, kilichoanza kazi mwaka 1995.

Umeme huo husafirishwa kwa njia za msongo wa kilovolti 132, ambazo huiunganisha Hale na jiji la Tanga, na pia na Chalinze na Kilimanjaro katika gridi ya Taifa.

Sababu ya kutumia msongo mkubwa ni upotevu. Waya wowote hupata joto umeme unapopita, na joto hilo ni umeme uliopotea. Ili kusafirisha megawati 20 kwa msongo wa kilovolti 33, waya hulazimika kubeba mkondo wa takriban ampea 350. Kwa kilovolti 132, mkondo huo hushuka hadi ampea 88 hivi. Mkondo ukipungua mara nne, upotevu katika waya ule ule hupungua mara 16.

Hata hivyo, kilovolti 132 haziwezi kuingizwa kijijini. Katika kituo cha kupozea, msongo huo hushushwa hadi kilovolti 33 au 11, kisha transfoma ndogo zilizofungwa juu ya nguzo mitaani huushusha tena hadi volti 400 kwa mashine za njia tatu na volti 230 kwa matumizi ya nyumbani.

Moyo wa kituo

Kazi hiyo hufanywa na transfoma, ambayo mafundi wengine huiita mashine umba. Ndani yake mna kiini cha chuma kilichozungushiwa nyaya za shaba za makundi mawili yasiyogusana. Umeme unaopita katika kundi la kwanza hukifanya chuma kuwa sumaku inayobadilika mara kwa mara, na sumaku hiyo huzalisha umeme katika kundi la pili. Iwapo kundi la kwanza lina mizunguko minne kwa kila mzunguko mmoja wa kundi la pili, msongo hushuka mara nne, kutoka kilovolti 132 hadi 33.

Nyaya hizo huzamishwa katika mafuta maalumu yenye kazi mbili: kuzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine, na kulichukua joto na kulipeleka kwenye mapezi yaliyopo ubavuni mwa mashine ili lipozwe na hewa. Mafuta yakipungua, kinga zote mbili hupotea kwa pamoja na mashine huweza kuungua.

Umeme unaoingia na kutoka hukutanishwa kwenye vyuma vinene viitwavyo basiba, mithili ya stendi ambako mabasi huingia kwa barabara moja na kutawanyika kwa nyingine. Kila njia huwa na sakiti breka, swichi kubwa yenye uwezo wa kuukata umeme hata wakati wa hitilafu, ambapo mkondo huongezeka mara nyingi kupita kiasi cha kawaida.

Kuukata umeme huo si jambo jepesi, kwa kuwa swichi inapoachana hutokea cheche kubwa inayoendelea kuupitisha hewani. Breka za zamani ziliizima kwa mafuta, na za kisasa hutumia ombwe au gesi ya salfa heksafloridi. Gesi hiyo ni hodari kwa kazi hiyo, lakini ikivuja huchangia ongezeko la joto duniani zaidi ya mara 20,000 kuliko kiasi kile kile cha hewa ya ukaa.

Breka hupewa amri na vifaa viitwavyo rilei, ambavyo huupima umeme muda wote na kuamua ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kuwa hitilafu huweza kuzima umeme wote kituoni, rilei na breka hutegemea betri zilizo katika chumba chake. Betri hizo zikifa, kituo hubaki bila mlinzi, hata kama vifaa vingine vyote ni vipya.

Chumvi, umande na radi

Msanifu wa kituo cha pwani hukabiliwa na adui asiyeonekana Dodoma wala Singida. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuilaza juu ya vikombe, yaani vishikizo vya kauri au kioo vinavyoutenga waya na nguzo. Chumvi kavu haina madhara makubwa, lakini umande wa alfajiri au manyunyu yakiilowesha, hugeuka kuwa njia ya umeme, na cheche huweza kuruka juu ya kikombe na kuizima laini nzima.

Tiba yake ni kuirefusha njia ambayo umeme ungelazimika kuitambaa juu ya kikombe. Kanuni za kimataifa zilizotumika kwa miaka mingi hutaka milimita 16 kwa kila kilovolti mahali pasafi, na milimita 31 palipo na chumvi nyingi. Kwa vifaa vya laini ya kilovolti 33, ambavyo husanifiwa kustahimili hadi kilovolti 36, hiyo ni tofauti ya milimita 576 na 1,116. Vikombe vinavyofaa bara, vikifungwa ufukweni, huleta kukatika kwa umeme kusikokwisha. Pamoja na hayo, vikombe vya pwani huhitaji kuoshwa kwa ratiba.

Dhidi ya radi, hufungwa vifaa vinavyouelekeza msongo wa ghafla ardhini kabla haujaifikia transfoma. Chini ya kituo hufukiwa wavu wa nyaya za shaba, na juu yake humwagwa kokoto. Kokoto hizo si pambo. Huupunguza umeme unaoweza kupita miguuni mwa fundi wakati wa hitilafu.

Njia moja haitoshi

Swali kubwa zaidi katika usanifu ni hili: kifaa kimoja kikiharibika, nani atabaki gizani? Zanzibar ililijua jibu kwa gharama kubwa. Unguja ilipokuwa ikitegemea kebo moja ya chini ya bahari kutoka Bara, hitilafu katika kiungo hicho iliiacha bila umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kebo ya pili ilizinduliwa mwaka 2013. Pemba nayo iliunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa kebo ya kilovolti 33.

Kwa sababu hiyo, kituo kizuri huwa na transfoma mbili ambazo kila moja huweza kubeba mzigo kwa muda pindi mwenzake anapotengenezwa, na huingiwa na laini zaidi ya moja. Kinyume chake, kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu moja huumia mara mbili: mti ukiangukia nguzo popote njiani huzima umeme, na hata ukiwaka, msongo huwa umepungua kwa urefu wa waya. Kwa mvuvi mwenye jokofu, umeme hafifu ni hatari kama giza, kwani huunguza mota. Kujenga kituo karibu zaidi na watumiaji ndiyo dawa ya kudumu, ingawa ni ya gharama.

Wajibu wa wananchi

Wizi wa mafuta ya transfoma na nyaya za shaba umewahi kuyaacha maeneo mengi ya Afrika Mashariki gizani. Mafuta ya mashine za zamani huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo Tanzania iliahidi kuziondoa iliporidhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Kuyakaangia chakula au kujipaka ni kujitafutia maradhi.

Aidha, msongo mkubwa hauhitaji kuguswa ili uue, kwa kuwa huweza kuruka hewani. Waya ukianguka, ardhi inayouzunguka nayo huwa na umeme, na hatua ndefu huweza kuupitisha kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Aliye karibu aondoke kwa kuburuza miguu iliyobanana, akae umbali wa mita kumi au zaidi, awazuie watoto, na taarifa ifikishwe TANESCO mara moja.