Chura wa Kihansi, kiumbe wa manyunyu

Korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ndilo asili ya chura mmoja asiyepatikana kwingineko duniani. Ana rangi ya manjano, na hata jike, aliye mkubwa kuliko dume, hafikii sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengi, bali huzaa watoto walio hai.

Maisha yake yaliegemea maporomoko. Maji yalipoanguka yalirusha manyunyu yaliyolowesha mimea ya kando usiku na mchana. Makazi hayo yote yalikuwa takriban hekta mbili, yaani hayafiki viwanja vitatu vya soka. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa juu yake. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya mto ilielekezwa huko, na manyunyu yakakatika.

Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Korongoni yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda vyura wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 wakapukutika ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ulitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini.

Wazao wa wale waliohamishwa walipokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010. Miaka miwili baadaye baadhi yao waliachiwa Kihansi, katika manyunyu yatokayo mabombani.