RAICH CARTER: MFUNGAJI WA SUNDERLAND ILE YA UINGEREZA

Wadau, huku kwetu Mbinga na kule chini ziwani Mbamba Bay bado wapo wazee ambao Simba ikitajwa redioni wao wanasema "Sunderland". Vijana wanacheka, wanadhani mzee kasahau. Hajasahau kitu. Klabu ilianzishwa 1936 ikiitwa Queens, ikawa Eagles, halafu Sunderland, na kwa jina hilo ikachukua ubingwa wa 1965 na 1966. Simba limekuja 1971. Sasa mwaka huohuo wa 1936 Sunderland ya Uingereza nayo ilikuwa bingwa wa kwao, na fundi wake aliitwa Raich Carter. Leo nawaletea huyo.

Jina kamili ni Horatio Stratton Carter, kazaliwa 21 Desemba 1913 hapohapo mjini Sunderland, mtaa wa Hendon. Leicester City walimfanyia majaribio wakamrudisha, eti ana umbo dogo. Sunderland wakamsajili 1931, na mwaka uliofuata akawa kikosi cha kwanza.

Alicheza insaidi, yaani yule anayekaa nyuma kidogo ya sentafowadi. Enzi zile timu ilikuwa na mafowadi watano, na tangu 1925 sheria ya kuotea ilikuwa imelegezwa: walitakiwa wapinzani wawili tu mbele ya mshambuliaji badala ya watatu. Magoli yakamwagika! Msimu wa 1935/36 Carter alifunga 31 kwenye ligi, na sentafowadi Bobby Gurney naye 31. Timu moja, jamani. Ubingwa ukaja.

Lakini ubingwa ule ulikuwa na msiba ndani yake. Februari 1936, kwenye mechi na Chelsea, kipa wao kijana Jimmy Thorpe alipigwa mateke akiwa ameukumbatia mpira. Alimaliza mechi, akaenda nyumbani, akafariki siku chache baadaye akiwa na miaka 22. Alikuwa na kisukari. Baada ya hapo sheria ikakataza kumnyanyulia mguu kipa aliyeushika mpira mikononi. Kwa hiyo ukiona refa anamlinda kipa, hata pale kiwanjani kwetu Mbinga, jua kuna kijana alilipia.

Mei 1937 Carter, nahodha wa miaka 23, aliipeleka timu Wembley kucheza na Preston North End fainali ya Kombe la FA. Preston wakatangulia. Kipindi cha pili Gurney akasawazisha, Carter akafunga la pili, Burbanks la tatu. Sunderland walikuwa hawajawahi kulichukua kombe hilo. Malipo? Sheria ya ligi ilikuwa mwisho pauni 8 kwa wiki, uwe nyota uwe wa kawaida.

Halafu vita. Ligi ilisimama Septemba 1939 Carter ana miaka 25, ikarudi Agosti 1946 ana 32. Miaka ambayo fowadi anaiva yeye alikuwa zimamoto, kisha jeshi la anga. (Vijana wa Tanganyika nao walikuwa KAR, wengine hadi Burma. Vipaji vilivyopotea upande huo hakuna aliyevihesabu.) Kwa mtazamo wangu hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana. Sunderland alikuwa amewafungia magoli 118 katika mechi 245 za ligi, akahamia Derby County, na 1946 akatwaa Kombe la FA tena, 4-1 dhidi ya Charlton ndani ya dakika za nyongeza. Hakuna mwingine aliyelitwaa kabla na baada ya vita. England alichezea mara 13 tu, kuanzia 1934 hadi 1947.

Baadaye alikuwa kocha mchezaji Hull City, akaipandisha daraja 1949. Mwaka 1953 akachukua kombe la Ireland na Cork Athletic akikaribia miaka 40! Leeds aliifundisha ikapanda 1956. Alifariki Oktoba 1994, na kule Hendon kuna kituo cha michezo chenye jina lake.

Mwenye picha ya Sunderland yetu ya 1965 au 1966 atupie hapa tuwaone mafowadi wetu.