Habari za Kabati la Chuma

Kamati ya maadhimisho ilipotuomba tuandike historia fupi ya jumuiya yetu, bila shaka ilitarajia tuanze na wajenzi wa mandir, wafadhili wa murti na picha za wazee waliovaa kofia nyeusi. Hayo wameyaandika wenzetu katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nao wameyaandika vizuri kuliko ambavyo tungeweza sisi. Sisi tumechagua kuandika habari za kabati la chuma lililo kwenye chumba cha nyuma, karibu na jiko, ambalo wengi wenu mmelipita mara nyingi mkienda kuchukua prasad.

Ndani ya kabati hilo mna madaftari marefu yenye majalada ya kitambaa chekundu. Mna majina ya wanachama, ada walizolipa, na muhtasari wa mikutano, yote kwa Kigujarati, kwa mkono wa baba zetu na babu zetu. (Majirani watuwie radhi tukisema kwamba babu mzaa baba kwetu huitwa “dada”, na baba mdogo huitwa “kaka”. Watoto wetu waliokulia huku milimani wamepata taabu nyingi kwa sababu hiyo.) Wanaoweza kuyasoma madaftari hayo leo bila kusitasita wamebaki wachache sana. Sisi wenyewe, tuliosoma hadi kidato cha nne kwa Kiswahili na Kiingereza, husoma Kigujarati polepole, kidole kikifuata mstari.

Ufundi wa kuendesha chama wazee wetu hawakuuokota njiani. Kule Gujarat, kwa karne nyingi, wafanyabiashara wa kila mji walikuwa na mahajan, yaani chama cha wenye biashara moja. Mahajan ulisuluhisha ugomvi, ulipanga siku za mapumziko, na ulitoza kiasi kidogo kwenye bidhaa ili kuendesha mambo ya hisani, kama vile panjrapole, makazi ya wanyama wazee na wagonjwa. Hawakuwa na polisi. Silaha yao ilikuwa kumtenga aliyekaidi, au kufunga maduka yote pamoja. Neno hartal lenyewe linatokana na duka na kufuli.

Watu waliokuwa na desturi hiyo ndio waliofuata reli kutoka Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo wengine wakapanda kupitia Soni hadi mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ndio Lushoto yetu. Waliuza chumvi, mafuta ya taa na vitambaa, wakanunua mazao. Katika miji mikubwa kila kundi la Wahindu liliweza kuwa na chama chake na ukumbi wake, mbali na chama kikuu kama Hindu Mandal ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1919. Huku milimani familia zilikuwa chache mno kwa anasa hiyo. Lohana, Patidar, fundi viatu na sonara walikaa juu ya mkeka mmoja na kuandikwa katika daftari moja, jambo ambalo huko walikotoka lisingekuwa rahisi.

Daftari hilo la Kigujarati liliwahi kuitikisa nchi. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilileta sheria za kodi ya faida na leseni za biashara, ikataka pia hesabu za maduka ziandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Wenye maduka wa Kihindi, wakiongozwa na chama chao cha Indian Association kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1918, walifunga maduka kwa wiki kadhaa. Tulisimuliwa habari hizo utotoni kama hadithi ya ushujaa. Tulipokua tulianza kuona upande wa pili: mteja aliyekopa sukari hakuweza kusoma kilichoandikwa chini ya jina lake. Mambo yote mawili ni kweli, nasi hatuoni haja ya kuchagua moja.

Majirani zetu nao walikuwa wakijifunza ufundi huohuo kwa njia zao. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na KNCU chini ya sheria ya ushirika. African Association ilianza Dar es Salaam mwaka 1929. Huku kwetu, kuanzia mwaka 1946, serikali iliwalazimisha watu wa bonde la Mlalo kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Amri hiyo ilienezwa Usambara, na mzigo wa jembe uliwaelemea sana akina mama. Chuki ya matuta iliwapa watu sababu ya kukutana na kutafuta chama cha kuwasemea. Mwaka 1954 ikaja Sheria ya Jumuiya: kila chama kijiandikishe na kutaja viongozi wake. TANU ilizaliwa mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, na kwa sheria hiyo ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa hadi mwaka 1958. Wazee wetu waliona kwamba karatasi ya msajili si jambo dogo: yaweza kukipa chama uhai, na yaweza kukinyima. Walijiandikisha, wakaandika katiba kwa Kiingereza, wakachagua wadhamini watano wa kushika hati ya kiwanja.

Katiba hiyo, tuseme kweli, ilikuwa nzuri. Ilisema mwanachama ni Mhindu yeyote aliyetimiza umri wa miaka 18 anayelipa ada na kukubaliwa na kamati. Ilisema akidi ya mkutano mkuu ni wanachama 25. Ilisema mdhamini akifariki au akihama nchi, mkutano mkuu utachagua mwingine. Aliyeiandika alikuwa anajua kazi yake.

Kisha tukapungua. Tarehe 22 Aprili 1971 ilitangazwa kwamba majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yanachukuliwa na serikali. Hata ambao nyumba zao hazikufikia kiwango hicho waliona ni ishara, na katika miaka iliyofuata mabasi ya kushuka Mombo yalibeba masanduku mengi. Majirani walipata pigo la namna yao: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ili vifufuliwe. Yaani katika miaka hiyo mtu wa milimani, awe Msambaa au Mhindi, alijifunza kwamba chama alichokitolea ada kwa miaka mingi kinaweza kumtoka mikononi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kulipita, lakini historia isiyotaja kosa la mwandishi wake haifai kuchapwa. Kwa miaka mingi tulioshika kalamu ya ukatibu ni sisi wenyewe. Tuliimba aarti, tulipaka rangi kuta, tulisherehekea Navratri. Mikutano tuliifanya kwa chai na mazungumzo, na muhtasari tuliuandika pale tulipokumbuka. Taarifa za kila mwaka kwa Msajili wa Jumuiya hatukupeleka. Mabadiliko ya wadhamini hatukupeleka RITA. Ndipo siku moja ilipokuja barua kutoka ofisi moja ikiuliza ni nani mwenye mamlaka juu ya kiwanja cha mandir, kwa sababu mipaka ya eneo lile ilikuwa ikipimwa upya. Majibu yalitakiwa kwa saini za wadhamini katika siku 60.

Tulifungua kabati. Kati ya wadhamini watano, watatu walikwisha kuchomwa kwa heshima zote, wa nne alikuwa Leicester, na wa tano hakututambua tulipokwenda kumwamkia. Ili kuchagua wapya ulihitajika mkutano mkuu wa watu 25. Katika daftari, wanachama walio hai na walioko nchini walikuwa 19. Kupunguza akidi kulihitaji kubadili katiba, na kubadili katiba kulihitaji akidi. Usiku ule hatukulala. Kiwanja kilichonunuliwa na babu zetu kwa senti za chumvi kilikuwa kinaponyoka, na hapakuwa na mwizi wa kumlaumu.

Tulimwendea jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama. Lushoto ni mji wa sheria kwa namna yake, kwani Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa, na jirani huyo ana mazoea ya kusoma kila karatasi mara mbili. Alikuja mandir siku ya Jumapili, akavua viatu, akaketi kwenye benchi la veranda na katiba yetu mapajani. Harufu ya rotli ilikuwa ikitoka jikoni. Alisoma kwa muda mrefu, kisha akauliza:

“Mzee wangu, wale akina mama walioko jikoni, wao ni nani katika chama hiki?”

Tukamjibu kwamba ni wake zetu, mama zetu na wakwe zetu.

“Hilo naliona. Nauliza katika chama.”

Hatukuwa na jibu. Katiba ilisema Mhindu yeyote aliyetimiza umri. Daftari lilikuwa na jina moja kwa kila nyumba, na jina hilo lilikuwa la mwanamume. Mjane aliandikwa “nyumba ya fulani”, na fulani mwenyewe alikwisha kufa. Hapana mkutano uliowahi kuamua hivyo. Tulirudi kuitafuta amri hiyo katika kila daftari jekundu, hatukuiona. Ilikuwa mazoea ya mwenye kalamu, aliyeyarithi kwa mwenye kalamu aliyemtangulia. Akidi tuliyoililia usiku kucha ilikuwa jikoni ikikanda unga.

Wanajumuiya wenzetu wawili walipinga kwanza. Walidai kwamba kuandika watu haraka kwa ajili ya mkutano ni hila. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani vyama vingi vimetekwa kwa namna hiyo. Karani akawaonyesha kifungu kinachoipa kamati mamlaka ya kupokea wanachama wakati wowote. Zaidi ya hapo, alisema, hila ni kumleta mgeni. Hawa wamekuwa wakiendesha nyumba hii tangu kabla hamjaota ndevu. Tulikumbuka habari za Ahmedabad, ambako Ela Bhatt na wenzake walipotaka kusajili chama cha wanawake wanaojiajiri, SEWA, mwaka 1972, msajili aliwakatalia mwanzoni kwa hoja kwamba hawana mwajiri. Nao walikuwa wakifanya kazi kutwa.

Katika juma lile waliandikwa wanawake na vijana 22, kila mmoja kwa jina lake, kwa ada yake na risiti yake. Hapo tulipata aibu nyingine ndogo. Akina mama kadhaa walituuliza muhtasari utasomwa na nani, mhazini atabanwa na nani, na fedha zitawekwa wapi. Walikuwa wamejifunza katika VICOBA, pamoja na majirani wa Kisambaa, ambako sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Fedha za mandir, kwa miaka yote hiyo, zilikuwa katika droo ya duka letu, pamoja na za duka. Hazikupotea. Lakini hatukuwa na njia ya kumthibitishia mtu hivyo.

Mkutano ulifanyika, watu 34 wakahudhuria, wadhamini wapya watano wakachaguliwa, wawili kati yao wanawake. Taarifa za miaka iliyopita ziliandaliwa kadiri tulivyoweza kuzikusanya, malimbikizo ya ada na faini yakalipwa, na saini zilifika ofisini siku ya 53. Kiwanja ndicho hiki mnachokanyaga leo.

Tangu hapo daftari la wanachama na muhtasari huandikwa kwa Kiswahili, na nakala ya muhtasari hubandikwa ubaoni ambapo jirani yeyote anaweza kuisoma. Siku ya Chopda Pujan, wakati wa Diwali, daftari jipya huwekwa mbele ya Lakshmi na kuchorwa swastika kwa kumkum kama yalivyofanyiwa yale mekundu. Maharaj hakuona tatizo lolote.

Yako mambo mawili ambayo hayajaamuliwa. Ndugu zetu walioko Uingereza hutuma ada kila mwaka nao wanadai kura. Na wapo majirani, karani wetu akiwa mmoja wao, ambao wametumikia mandir kuliko baadhi ya waliozaliwa ndani yake, lakini katiba inataja Mhindu tu. TANU yenyewe ilianza kwa kuandikisha Waafrika peke yao, ikafungua mlango kwa wote baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mjadala wake haukuwa mfupi. Hoja zote mbili zimo katika ajenda ya mkutano mkuu utakaofuata sherehe hizi. Akidi bado ni 25, na daftari litakuwa mezani, mlangoni, kwa atakayetaka kulipa ada kabla ya kengele.